Medali ya Papa Symphorien na Kaburi la Reine

Ndugu wa familia, majirani wa Shituru, wakristu wa shirika letu, nanyi wazee mliofanya kazi naye, kaeni kidogo kabla hatujamwinua, tuwaambie mtu huyu alitoka wapi, na kwa nini tangu Jumanne mnasikia maneno ya medali ndani ya nyumba hii.

Papa Symphorien Tshiamala alizaliwa tarehe 3 Februari 1944, hapa Likasi, wakati mji ungali ukiitwa Jadotville, katika kambi ya wafanyakazi ya Shituru, mtoto wa tatu wa wazazi waliotoka Kasai kufuata kazi ya shaba, na Kasai yenyewe hakuikanyaga hata siku moja. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri kuanzia mwaka 1950, kisha shule ya ufundi hadi 1961, na tarehe 12 Oktoba 1964 akaingia katika kiwanda cha shaba kama fundi wa umeme.

Tarehe 18 Julai 1970 alifunga ndoa na Mama Alphonsine, na Mungu akawapa watoto wanne, Adrien mwaka 1972, Didier 1976, Josée 1985 na Reine 1989.

Tarehe 24 Novemba 1984, sikukuu ya Leta, yaani serikali, ya wakati ule, alivalishwa medali ya Zaïre mbele ya wafanyakazi wote, kwa miaka ishirini ya kazi bila kosa, na Papa Patrice, aliyevalishwa siku ileile, bado anacheka akikumbuka alivyomnong'oneza, "Kaka, shaba yetu banapeleka Kinshasa mawagoni, banaturudishia kipande ya kutosha kifungo tu." Papa Symphorien hakucheka, kwa sababu aliiamini, aliisugua kwa limau na majivu kila Jumamosi, akaivaa juu ya abakosti, suti ya enzi zile, kila sikukuu, na cheti chake akakitundika sebuleni juu ya picha ya ndoa.

Ulipofika mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa, Mama Alphonsine alifunga sufuria na magodoro mapema, majirani wakapanda treni za kwanza, lakini Papa Symphorien alitoa cheti ukutani akakigongomea kwenye mlango wa mbele, akamwambia mkewe, "Mama Adrien, funga bintu ukitaka, minye siendi fasi, Leta yenyewe ilinivalisha hii." Waliokuja kuwatoa hawakukisoma. Familia ikafika stesheni nyuma ya wote, treni hazina nafasi tena, wakalala chini ya maturubai pamoja na maelfu ya watu, mvua ikanyesha, surua ikaingia kwa watoto.

Reine alifariki Alhamisi tarehe 21 Januari 1993, hajatimiza miaka minne, akazikwa kesho yake asubuhi, na baba yake hakuwepo, maana alikuwa amevaa abakosti na medali, amesimama katika korido ya ofisi moja mjini, akingoja mkubwa ampokee na kumpa ulinzi, na mkubwa hakumpokea. Mama alibaki chini ya turubai na Josée, ambaye naye aliwaka homa, kwa hiyo aliyemzika mtoto ni Adrien, pamoja na wanaume wawili wa Kasai walioondoka na treni ya wiki ile. Jioni baba aliporudi, Adrien alimwambia, "Weye baki na medali yako, sisi tumeisha kuzika," na kabla ya mwezi kuisha naye akapanda treni, akaenda kuishi Mwene-Ditu, huko Kasai.

Jioni ile ya mazishi Papa Symphorien aliivua medali, hakuivaa tena. Marehemu Mama Henriette, jirani ambaye hakuuliza mtu kabila, aliwapokea katika chumba cha nyuma, kiwanda kikamrudisha kazini mwaka 1995, na mwaka 1997, Zaïre ilipokufa na watu wakatupa nishani zao chooni, yeye aliifunga yake ndani ya kopo la maziwa. Alistaafu mwaka 2003, akatengeneza feni na redio sokoni, na kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, alizunguka makaburini akitafuta kaburi lisilo na msalaba, ambalo katika familia Adrien peke yake alilijua.

Mama Alphonsine alimpigia Adrien simu mara nyingi amwonyeshe baba yake kaburi, jibu likawa lilelile, "Aniulize yeye mwenyewe, na kinywa yake," na baba naye akajibu, "Afike hapa, nitamuuliza, baba haombi mutoto njia ku simu." Miaka ikaenda hivyo, mama akipika katikati yao.

Tarehe 30 Aprili 2025 presha ilimwangusha, ikachukua mkono wa kuume na maneno yote. Adrien alipopiga, mama aliweka simu kwenye sikio la mumewe, baba akajaribu, sauti iliyotoka haikuwa neno, na mtoto akasikia. Adrien aliondoka Mwene-Ditu tarehe 12 Juni, treni ikakwama Kamina siku kadhaa, na Papa Symphorien akafariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Adrien alifika Alhamisi. Hakukaa chini, aliwachukua wachimbaji, akawaonyesha mahali, na kaburi limechimbwa pale, ubavuni mwa Reine, jambo ambalo baba angeweza kulijua kwa swali moja, na mtoto angeweza kulisema bila kuulizwa.

Sasa wazee wa kiwanda wanaomba medali itangulie jeneza, imewekwa juu ya mto mdogo wa kitambaa, kama desturi yao ilivyo, na vijana wanasema nchi iliyokufa haina heshima ya kutoa. Mama Alphonsine amejibu hivi: Papa Patrice ataibeba, kwa sababu kazi ile ilifanywa kweli, lakini itaishia ukingoni mwa kaburi irudi nyumbani, haitaingia kaburini, kwa sababu pale ubavuni amelala mtoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, wazee wa kiwanda waliokuja kwa miguu, na watoto wa Mama Henriette.

Baba Adrien, umefika kwa Reine. Pumzika naye kwa amani.