Ofisi Iliyokosea Msiba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Maji, Bwana Twumasi. Bwana Ankrah wa kampuni ya bima inayonipokea Jumatatu. Wafanyakazi wenzangu wa hapa Kumasi. Ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Mnaniaga leo, na kichwa kinanizunguka. Nani hapa hajui nilivyoilalamikia ofisi hii? Mshahara unachelewa, feni imekufa zamani, na cheo nilichoahidiwa akapewa mpwa wa mtu. Kwa Bwana Ankrah kuna mshahara mnono, na kila mmoja anaijua kazi yake. Basi mbona silali?

Ni ule msiba wa baba yangu, Jumamosi iliyopita. Watu wa bima, ambao hata sijaanza kazi kwao, walifika asubuhi na sare zao nyeusi, wakatoa rambirambi, kiasi chake kikatangazwa kwenye kipaza sauti, wakashikana mikono na ukoo mzima, wakaondoka. Hawakukosea kitu. Na ninyi, wenzangu wa miaka yote, mlikuwa wapi? Basi la idara lilifika alasiri, akashuka Mama Frema wa masjala, macho yamemvimba.

"Dufie, tusamehe. Tuliona maturubai kule Bantama, watu wamevaa nyeusi na nyekundu, tukaingia. Tumelia, tumekula, na rambirambi yako tumewapa wao."

"Picha ya marehemu hamkuiona?"

"Tumeiona baadaye. Kumbe ni bibi kizee."

"Sasa mmekuja mikono mitupu?"

"Mitupu kabisa. Hebu sogea nikae."

Mkakaa. Mkalia upya, mkaosha masufuria, na Mheshimiwa Mkurugenzi mwenyewe akabeba viti mpaka giza likaingia. Nilikasirika, nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja, na hadi sasa sijielewi. Anayenithamini ni yupi, aliyefika kwa wakati au aliyebaki kufagia? Na huko kufagia kutawalisha watoto wangu?

Bwana Ankrah, sikukejeli. Ulikuja kwa heshima, na neno langu nimeshakupa. Wenzangu, nawashukuru kwa kitambaa hiki kizuri na kwa chakula, na nawapenda, hata kama mnanichosha. Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.

Ila, Mheshimiwa Mkurugenzi, kiti changu usimpe mtu kabla ya Jumatatu mchana.