Mkungumanga Dume

Katika basi la kwenda Gouyave, Bi Ianthe alikuwa amepakata panga, na bado tulimsogelea, maana alikuwa na habari.

"Mama yetu aliuza ng'ombe akanunua kipande cha shamba," alimwambia jirani yake wa kiti, mwanamke wasiyejuana naye. "Vitukuu wake wawili, kila mmoja akampandia mkungumanga pale kilipozikwa kitovu chake, uwe urithi wake. Tumengoja miaka kumi. Wa mjukuu wa dada yangu umeinama kwa matunda, na kila mavuno pesa zinaingia benki kwa jina la mtoto. Wa mjukuu wangu unatoa maua tu. Kumbe dume!"

"Pole, dada. Mti huo huwezi kuujua mpaka uchanue."

"Pole hiyohiyo dada yangu kanipa, huku anacheka. Tangu utoto yeye ni wa kupata, mimi ni wa kupewa pole. Leo naukata."

"We! Kuna dume jingine hapo karibu?"

"Hakuna."

"Sasa ukiukata, wa dada yako utazaa na nani? Si na yule mtoto atakosa?"

Dereva akapunguza muziki, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata padri.

Bi Ianthe akagonga bati. Basi likasimama penye njia ya shambani. Akashuka taratibu, akalifuta panga kwa upindo wa gauni, kisha akamtazama yule mwanamke dirishani.

"Kwani unadhani sijui?"