Risala ya Chumba cha Kushonea Kuhusu Kikohozi Chetu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha mashati, wasimamizi wetu, nanyi wenzetu mnaojizuia kukohoa hapo nyuma, tunawasalimu.

KARIBU
Ilikuwa tukupokee kwa wimbo. Kwaya imejaribu, na kila mara ubeti wa kwanza umeishia kifuani. Ndiyo maana unasomewa risala. Msomaji hakuchaguliwa kwa ufasaha. Ndiye aliyewahi kupona.

HISTORIA YA KIKOHOZI
Kilianza kwa Shangazi Vifungo, mshona vifungo wetu, mkongwe kuliko vyerehani vyote humu. Tulimwambia, "Shangazi, nenda nyumbani ukapumzike." Akajibu, "Nikirudi nitamkuta nani mahali pangu?" Maana hapa kwetu asiyeonekana wiki nzima nafasi yake hupewa mwingine. Basi akaja, akakohoa, nasi kwa upendo tukakohoa naye. Madirisha, kama unavyoyaona, yamepigiliwa misumari ili vumbi lisichafue mashati meupe. Kweli vumbi halijaingia. Kikohozi nacho hakijatoka.

MAFANIKIO
Tunakushukuru kwa katoni ya vidonge vya rangi mbili. Tuligawana kindugu: anayeumwa akameza, asiyeumwa akameza vya akiba. Hakuna aliyepona kwa vidonge hivyo, lakini hakuna aliyenyimwa.

CHANGAMOTO
Shangazi alipozidiwa tulimpeleka hospitali. Daktari akatueleza kuwa kikohozi hiki kinaletwa na bakteria waitwao mikoplasma. Vidonge vyetu huua bakteria kwa kuwabomolea ukuta wao wa nje, na hawa hawana ukuta hata wa dawa.

Shangazi, pumzi juu juu, akauliza, "Sasa wanajisitiri wapi, mwanangu?"

"Kwako, mama. Humo kifuani."

"Kumbe wapangaji. Na kodi hawalipi."

Akabadilishiwa dawa. Juzi tumemkuta akigombana na wauguzi kuhusu shuka, kwa hiyo tunaamini anapona. Lakini wiki yake imeshapita, na hatukufichi, tunaogopa.

MAOMBI
Tunaomba misumari ya madirisha ing'olewe. Mashati tutayafunika wenyewe. Mgonjwa akae nyumbani bila kupoteza kazi. Na siku nyingine ukitaka kutuletea dawa, tuletee daktari kwanza, yeye atasema ni dawa gani.

La mwisho ni la Shangazi. Tumeambiwa kuna binti anaanza kesho mahali pake. Hatuna ugomvi naye, mtoto wa watu. Apewe cherehani ile ya pembeni, nayo inashona. Leo asubuhi tulitafuta kiti cha kumkalisha mgeni wa heshima, tukapata kimoja tu chenye mto. Mto huo Shangazi aliushona mwenyewe kwa mabaki ya mashati yako. Ndicho hicho ulichokalia, Mheshimiwa. Tunaomba ukisimama ukiache hapo hapo, asikikalie mwingine mpaka mwenyewe arudi.

Mungu akujalie kifua kizima na safari njema.

Ni sisi wa Chumba cha Kushonea, tuliopo hapa na aliyelazwa.