Stempu ya Hospitali Niliyolazwa

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa kliniki ya afya ya akili, pamoja na mliotusindikiza hapa Turwa leo, poleni na jua. Mimi ni mjane, nakaa Matongo, na niliwahi kuwa kichaa. Naona mwenyekiti amekunja uso. Mwenyekiti, neno hilo nimeitwa mimi, niache nilitumie.

Nilianza kuumwa baada ya kumzaa mtoto wa mwisho. Usingizi ulikata kabisa. Nilikuwa nauza uji kwa wachimbaji wa dhahabu, nikaanza kuugawa bure, halafu nikawa naumwaga, nikisema kuna watu ndani ya sufuria. Ndugu wa marehemu mume wangu wakanifunga kwa kamba ya ng'ombe. Walikuwa na hofu, sikatai. Lakini kamba ilinichuna, alama hizi hapa mkononi, mnaziona.

Aliyenitoa pale ni mchimbaji mmoja mtu mzima, mgeni kutoka Tabora, mteja wangu wa uji. Alimwambia shemeji yangu, "Dada yangu aliumwa hivi hivi. Huyu ni wa hospitali." Wakanipeleka mbali, kwenye ile hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ambayo watu wa huku wakitaka kukutukana wanaitaja jina. Ndugu zangu, nawaambia, kule ndiko nilikopata usingizi. Muuguzi mmoja alinisuka nywele, nikalia, maana tangu niugue hakuna aliyekuwa akinigusa bila kunikamata.

Nikarudi nyumbani mzima. Kumbe shemeji zangu walishawatungia majirani kwamba nilikuwa Sirari, mpakani, kwenye biashara. Biashara gani hiyo, narudi sina hata kanga mpya? Lakini nikanyamaza miaka mingi, na kule kunyamaza kulinichosha kuliko kuumwa.

Juzijuzi nesi wetu akaniambia imetoka stempu ya kumbukumbu ya historia ya hospitali ile. Nikapanda bodaboda mpaka posta, Tarime mjini. Dada wa dirishani akauliza, "Barua inakwenda wapi, mama?" Nikamwambia, "Sina barua. Nimefuata hospitali yangu." Akacheka, nami nikacheka. Kastempu kadogo, lakini jengo lile limo, na jina la nchi yetu limeandikwa. Nikakaweka nyuma ya simu, ndani ya kava linaloonyesha.

Basi wakaja watu wa Nyansurura kumposa binti yangu. Mnajua kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, ukoo unachunguzwa: wizi, uchawi, kichaa. Shemeji akaninong'oneza, "Mama Bhoke, ficha hiyo simu. Ukiharibu, mtoto atakuzeekea hapa." Nikaogopa kweli, kwa sababu binti yangu anampenda yule kijana.

Mzee wao akauliza kama kwetu kuna ugonjwa wa akili. Shemeji akajibu hakuna. Hapo nikasimama, mimi mwanamke, mbele ya wazee, nikaiweka simu mezani, stempu ikiwa juu.

"Upo," nikasema. "Niliumwa mimi, nikalazwa hapa, na dawa nameza mpaka leo. Nchi imeitoa hospitali hii isafiri kwenye barua mpaka ng'ambo, halafu mimi niifiche nyumbani kwangu?"

Wakapokezana simu. Wakatoka nje kuteta, wakarudi wakasema binti watamchukua, ila ng'ombe wapungue kwa ajili ya hiyo hali ya mama. Shemeji alishaanza kuitikia. Nikamkata, "Hapungui hata ndama. Mwanangu hana kasoro ya kupunguziwa."

Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Nilishindwa kumtazama. Akasema, "Mama ameshasema," akarudi na chai yake jikoni.

Wageni wakaondoka na kiu. Shemeji akasusa kuniongelesha. Binti yangu alilia, nami nikalia naye, lakini hakuniambia hata siku moja kwamba nimekosea. Kisha Jumapili iliyopita wakarudi. Kijana alikuwa amewaambia wazee wake hataki mke mwingine. Wamekubali ng'ombe wote.

Nawashukuru yule mchimbaji, popote alipo, na muuguzi aliyenisuka, na nesi wetu huyu anayejificha nyuma kule. Namshukuru binti yangu kuliko wote. Na ninyi mnaowaambia majirani kwamba mgonjwa wenu yuko safarini, acheni. Anayerudi kutoka hospitali anataka kupokewa, na atapokewaje wakati mmesema hakwenda?

Kesho tunakwenda Nyansurura kuwakagua hao ng'ombe. Shemeji amesema ni kazi ya wanaume. Nimemwambia atangulie, nipo nyuma yake. Nikikuta hata mmoja amekonda, namkataa, na atakayeniita kichaa aniite nikiwa palepale zizini.