Mimi Si Jeki: Wasifu wa Mzee Pima, Dereva wa Kliniki ya Macho

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kazini, dereva wa tela letu la kliniki ya macho, ambaye hospitali nzima inamwita Mzee Pima, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mpimaji wa macho niliyesafiri naye miaka kumi na minne, kazi ya kuandika wasifu wake. Waliniambia niandike vizuri na nisiwachoshe watu. La kwanza nitajitahidi. La pili siahidi.

Jina la Pima alilipata kwa sababu ya pimamaji, kile kifaa cha mafundi ujenzi chenye povu ndani ya kioo. Alitembea nacho mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Aliajiriwa kuendesha gari la wagonjwa, na mwaka wa tatu hospitali ikanunua tela: chumba kizima cha kupimia macho juu ya magurudumu manne. Madereva wengine walilikimbia, maana kulirudisha nyuma kunataka roho ngumu. Yeye aliliingiza bandani mara moja tu, akashuka, akaulizia chai.

Sisi tuliopanda asubuhi na kukuta sakafu imetulia hatukujua kazi iliyokwisha kufanyika. Alianza na magurudumu: upande ulio chini aliupandisha juu ya mbao mpaka povu likae katikati, kisha akatia kabari. Hapo ndipo alipoteremsha miguu minne ya chuma iliyo kwenye pembe za tela, kila mmoja juu ya kipande cha ubao usije ukazama, akizungusha mpini mpaka mguu uguse na kukaza kidogo tu. Miguu ile ni ya kuzuia tela lisitikisike watu wakipanda na kushuka. Uzito unabebwa na magurudumu. Jioni aliikunja yote, akaifuta tope, akaipaka grisi, akaivalisha vifuko alivyoshona mwenyewe kwa turubai kuukuu. Muuguzi wetu alimtania kwamba tela lina soksi nyingi kuliko wanawe. Mzee akamjibu kwamba wanawe hawalali nje.

Kitu kimoja kilimkera: mtu kuiita miguu ile jeki. Alisema ukishaiita jeki, mwisho utanyanyulia tela. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na nikaendelea kuiita jeki makusudi, nimchokoze.

Hapa ndipo wasifu huu ulipaswa kuingia kwenye mafanikio. Yapo: zaidi ya watu elfu sitini wamepimwa macho ndani ya tela alilolisimamisha yeye. Lakini nimeiandika aya hiyo mara tatu nikaifuta, kwa sababu kuna jambo nimelikalia kwa miaka tisa, na nikilipita tena leo sitaweza kumtazama usoni.

Mnaikumbuka siku tela lilipoinama kwenye uwanja wa shule. Mzee Pima alikuwa na ruhusa. Mkewe alikuwa akifanyiwa upasuaji. Dereva wa zamu alitufikisha, akalifungua tela kwenye gari, akaondoka kwa safari nyingine. Sakafu ilikuwa imelalia kushoto, foleni ilikuwa ndefu, na mimi sikuwa na subira ya mbao. Nikachukua mpini nikaizungusha miguu miwili ya kushoto mpaka povu likakaa sawa. Magurudumu ya upande huo yalikuwa yameachana na ardhi. Niliyaona. Nikajiambia, kwani hizi si ni jeki tu? Nikapanda, nikaita mgonjwa wa kwanza.

Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye mwili wake. Alipokaa tu kitini, mguu mmoja ukakunjika. Mashine ya kupimia presha ya macho ikaanguka na kupasuka, na mwalimu akavunjika kifundo cha mkono. Kliniki ilisimama miezi mitano. Fomu ya ajali niliijaza mimi, na nikaandika: "Mguu wa tela ulikunjika kwa kukosa matunzo." Mtunzaji alikuwa mmoja tu. Mzee Pima akapewa barua ya onyo, na mwaka uliofuata nafasi ya msimamizi wa usafiri, ambayo kila mtu alijua ni yake, ikaenda kwa mwingine.

Aliporudi kazini aliuchukua ule mguu karakana, akaugeuza huku na huku. Kisha akaniuliza swali moja: "Daktari, mlilinyanyua tela kwa huu?"

Nikamjibu, "Hapana, Mzee."

Akasema, "Haya," akaenda kunawa mikono.

Wiki hiyohiyo alichukua rangi nyeupe na brashi ndogo, akaandika kwenye kila mguu: MIMI SI JEKI. Wageni huyapiga picha maneno hayo, na kila mwisho wa mwaka mtu huyasimulia kama kichekesho cha Mzee. Kamati yenyewe iliniomba nisiyasahau. Mimi peke yangu nilijua aliyeandikiwa ni nani. Nimeyasoma kila asubuhi ya safari kwa miaka tisa, uso ukiniwaka, kisha nikapanda ngazi na kusalimia wagonjwa kwa tabasamu.

Mtauliza kwa nini leo. Si ushujaa. Kamati ilinipa faili lake, nikakuta jina lake limekatwa kwenye orodha ya cheti cha utumishi bora. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu: ana barua ya onyo. Tela halijapata hata mkwaruzo mikononi mwake, na kilichomnyima cheti ni sentensi yangu moja. Nilikaa na lile faili mapajani mpaka mfanyakazi wa usafi akaniomba nisogee apige deki. Naona aibu, na sina neno zuri zaidi la kuifunika.

Jumatatu nilimpelekea mkurugenzi maelezo ya kweli, yenye sahihi yangu. Barua ya onyo imefutwa na jina la Mzee limerudi kwenye orodha. Barua yangu mimi ya onyo iko njiani, nami naistahili. Ila kile cheo hakirudi, wala miaka tisa ya wenzake kumwona mzembe.

Yeye mwenyewe hajaambiwa. Ataisoma habari hii ukumbini pamoja nanyi, mkewe akiwa ubavuni mwake.

Mzee wetu, wafanyakazi wote wanakushukuru. Wanakuombea afya, mapumziko marefu, na wajukuu wasiokuacha ulale mchana. Niliambiwa nifunge kwa niaba ya wote, lakini linalobaki ni langu peke yangu. Uliniuliza, nikakudanganya. Ndiyo, Mzee, nililinyanyua. Nisamehe.