Futikamba ya Babu

Karani alikuwa nusu usingizini, basi likimbembeleza kama mtoto, na maneno ya abiria wawili wa kiti cha mbele yalimfikia kama yanatoka chini ya maji.

"Juzi wameniingizia chembechembe za mionzi kwenye ini, ziunguze uvimbe hukohuko," alisema mzee mmoja, fundi cherehani. "Kichefuchefu nakivumilia. Uchovu ndio unanimaliza, hata kula naona kazi."

"Pole, baba," alijibu mama aliyeketi naye.

"Kuna mjukuu wangu sasa. Daktari kasema wiki nzima nisimpakate, nikae naye mbali mita moja, mionzi isimfikie."

"Mwambie una mafua."

"Simdanganyi mimi!"

"Basi atadhani umemchoka."

Karani, aliyelea wanawe wanne kwa uongo mtupu, alitabasamu macho kayafumba.

Basi lilisimama, akayafumbua. Kituoni katoto ka kike kalikuwa kanarukaruka kando ya mama yake, mikono wazi. Fundi alishuka polepole, akatoa futikamba mfukoni, akakarushia ncha moja.

"Shika hapo, mke wangu. Usiachie."

Wakaondoka hivyo, utepe umekaza kati yao, na mtoto ndiye aliyekuwa akivuta.