Armonika ya Yaya Onésphore na Maji ya Moto

Nabeti mbuzi moja, tena ya mimba: hakuna mutu hapa ku matanga atakubali neno nitasema ku mwisho. Lakini mi Bahizi, mudogo ya marehemu, njo najua kusema kupita bote mu famille. Basi mutanisikiliza.

Marehemu Mbonigaba Onésphore alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 ku Bugeshi. Wazazi walivuka naye Goma angali mutoto, akamaliza huko masomo yote ya primaire. Mi niliachia mu darasa ya tatu, na bado nilikuwa namupita akili.

Alikuwa fundi ya mashini za kushona, kwanza Goma, kisha hapa Gisenyi tangu 1995.

Tarehe 4 Agosti 1979 alioa Illuminée Mukasine. Alimuposa na armonika ya baba yetu, ile kinanda ya mudomo ya mbao na shaba, ya zamani kuliko sisi bote. Alipuliza wimbo moja nyuma ya lupango, ile uzio ya nyumba yao, mupaka baba-mukwe akasema: «Muchukue huyu binti, tulale.»

Mwaka jana armonika ikanyamaza. Mi nikawaza: magoti yangu ilipona ku maji ya moto ya Nyamyumba, ile inatoka mu udongo ikichemka, hii nayo itapona. Nikaizamisha. Mbao ikavimba, ikapasuka. Yaya, kaka yangu mukubwa, akaokota vipande. «Munganga mukubwa. Sasa leta mugonjwa yako hapa.»

Wakati ule moyo yake ilikuwa imechoka, miguu inavimba. Alitaka kitu moja tu: asikie ule wimbo tena, akikaa pamoja na Illuminée. Akachonga mbao mupya, akakwangua na sindano ya mashini kila kalimi ya shaba, ile inatoa sauti. Pumzi haikumutosha. Basi mi njo nilikuwa napuliza, juu mi tu nilibakia najua ule wimbo. Yeye anasikiliza, anasema: «Bado, kalimi moja haijalia.»

Ijumaa akanipigia: «Petit, mudogo yangu, armonika imeisha kupona. Kuja na mapafu yako.»

Nikacheka. «Yaya, we utakufa na hiyo "bado" mu mudomo. Nitakuja kesho kutwa, dimanche.»

Alifariki kesho yake, samedi, tarehe 8 Novemba 2025, asubuhi, ku nyumba yake.

Anaacha mujane Illuminée, watoto wawili, Igihozo na Jean-Luc, wajukuu watano, na mimi. Mungu amupumzishe polepole, alichoka sana.

Jana nilipuliza ule wimbo mbele ya Illuminée. Armonika inalia yote, hata kalimi ya mwisho.

Ile Ijumaa nilizani ananitania kusema imeisha. Neno yenyewe njo hii: nilikosea.